LUIS BUÑUEL: MAPENZI, KUMBUKUMBU NA HILA

Hebu fikiri, mwanafunzi mwenzangu. Shule imefungwa, umepanda basi, umefika nyumbani. Mama anakulaki mlangoni, anakukumbatia na kukuuliza habari za safari. Unatoka uani kunawa miguu. Unaporudi ndani, mama anakulaki upya, anakukumbatia upya, anakuuliza tena habari za safari, kana kwamba ndiyo kwanza unaingia. Unatoka mara ya tatu, kwa kujaribu tu, kisha unarudi. Mambo ni yale yale. Je, utacheka au utalia?

Haya si maneno ya kubuni. Yalimpata Luis Buñuel, mwongozaji filamu ambaye wengi humhesabu kuwa mkubwa kuliko wote waliotoka Uhispania. Mama yake, akiwa ajuza mjini Zaragoza, alianza kusahau kidogo kidogo hadi ikafika siku asiwatambue watoto aliowazaa mwenyewe. Mwili wake ulikuwa mzima. Akipewa jarida alilisoma toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na akipewa lile lile tena alilisoma kwa hamu kama jipya. Mwanawe aliyatazama hayo yote, na alipozeeka akaanza kitabu cha maisha yake kwa habari hiyo. Alikuwa ametambua kwamba mtu akinyang'anywa kumbukumbu amenyang'anywa maisha. Lakini alitambua na jambo la pili, tena gumu zaidi: hata hiyo kumbukumbu tunayojivunia hutudanganya, na anayedanganyika upesi kuliko wote ni mtu aliyependa.

Basi wapenzi wasomaji, mwaka huu tumevuka bahari tuwaletee maisha ya bwana huyu. Kaeni kitako.

Kuzaliwa na malezi

Luis Buñuel alizaliwa tarehe 22 Februari 1900 huko Calanda, mji mdogo katika jimbo la Aragón, Uhispania. Baba yake, Leonardo, alikuwa amekwenda Cuba akiwa kijana, akauza vifaa vya chuma mjini Havana hadi akatajirika. Aliporejea kwao mifuko imejaa, alimposa María Portolés, msichana mrembo ambaye alimzidi umri kwa zaidi ya miaka 20. Luis ndiye aliyekuwa kifungua mimba wa watoto saba. Tafadhali msomaji, mweke akilini huyo mzee mwenye mali na huyo msichana mbichi, kwa maana tutakutana na wenzao mbele ya safari.

Mtoto alipokuwa na umri wa miezi michache tu familia ilihamia mji mkubwa wa Zaragoza, lakini Calanda haikumtoka moyoni. Mambo mawili ya mji huo alitembea nayo maisha yake yote. La kwanza ni ngoma. Kila Ijumaa Kuu saa sita za mchana, wenyeji wa Calanda hujitokeza na ngoma zao wakaanza kuzipiga, na hawanyamazi hadi kesho yake mchana. Wapo wanaopiga mpaka viganja vikatoka damu. Mlio huo wa ngoma utausikia katika filamu zake kadhaa. La pili ni masimulizi ya Miguel Pellicer, kijana wa Calanda wa karne ya 17 aliyekatwa mguu mmoja, na ambaye waumini wa huko husadiki kuwa mnamo mwaka 1640 alirudishiwa mguu wake kwa muujiza. Mtoto Luis aliyasikia hayo akiwa mdogo. Nayo tuyaweke akilini.

Alisomeshwa na mapadre wa Kijesuiti huko Zaragoza. Alikuwa mwanafunzi mwerevu na mtundu vilevile. Alipofika umri wa miaka 16 au 17 hivi imani ya dini ilianza kumponyoka, na tangu hapo akawa mtu asiyesali. Hata hivyo, mafunzo ya mapadre hayakumtoka. Filamu zake zimejaa watawa, misalaba na maaskofu, kama nyumba ya mtu aliyehama lakini hakuchukua vyombo vyake.

Mafiga matatu

Mwaka 1917 baba alimpeleka Madrid, mji mkuu, akaishi katika bweni mashuhuri la wanafunzi liitwalo Residencia de Estudiantes. Alianza na masomo ya kilimo, yakamshinda hamu. Akahamia elimu ya wadudu, nayo akaipenda kweli, lakini akamalizia katika historia. Hadi uzeeni hakuacha kuvutiwa na wadudu. Mara kwa mara utawaona wakipita katika picha zake.

Katika bweni hilo alipata marafiki wawili ambao dunia nzima inawajua leo: Federico García Lorca, mshairi, na Salvador Dalí, mchoraji. Watatu hao walikuwa kama mafiga. Mwaka 1923 Buñuel alianzisha kikundi cha mzaha alichokiita Kundi la Toledo. Kazi ya wanachama ilikuwa kwenda katika mji huo wa kale, kunywa, na kuzurura usiku kucha katika vichochoro vyake. Vijana ni vijana tu, jamani. Lakini jina la Toledo nalo litarudi.

Wembe na jicho

Baba alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 1923. Miaka miwili baadaye Luis alikwenda Paris. Huko aliona filamu ya Fritz Lang inayosimulia Kifo na wapendanao, akatoka ukumbini akiwa mtu mwingine. Alijua sasa anachotaka kufanya duniani. Akawa msaidizi wa mwongozaji Jean Epstein, akajifunza kazi toka chini.

Siku moja yeye na Dalí walisimuliana ndoto zao. Buñuel alikuwa ameota wingu jembamba likikata mwezi, mfano wa wembe unaokata jicho. Dalí naye alikuwa ameota mkono uliojaa sisimizi. Wakaamua kutengeneza filamu kutokana na ndoto hizo, kwa sharti kwamba wasitie kitu chochote kinachoweza kuelezwa kwa akili. Fedha zilitoka kwa nani? Kwa mama! Mama yule yule wa Zaragoza alitoa pesa, na mwaka 1929 ikazaliwa Un chien andalou, yaani Mbwa wa Andalusia, filamu fupi isiyo na mbwa wala Andalusia.

Mwanzoni mwa filamu hiyo mwanamume ananoa wembe, kisha jicho la mwanamke linapasuliwa. Watazamaji walipiga mayowe, na hata leo wapo wanaofumba macho. Kumbe jicho lenyewe lilikuwa la ndama aliyekwisha kufa. Siku ya onyesho la kwanza Buñuel alisimama nyuma ya pazia akiendesha gramafoni, mifukoni amejaza mawe ya kujitetea endapo watu wangemvamia. Hawakumvamia. Walimshangilia, naye akayamwaga mawe yale kimyakimya.

Filamu ya pili, L'Âge d'or, yaani Enzi ya Dhahabu, ilitoka mwaka 1930. Ni habari ya mwanamume na mwanamke wanaopendana kwa hasira, na kila wakikaribiana kuna mtu au jambo la kuwatenganisha: mapadre, polisi, wageni wa heshima. Mara hii mawe hayakuwa mzaha. Watu wenye siasa kali waliivamia sinema ilimoonyeshwa, wakarusha wino kwenye pazia na kuharibu picha za wachoraji zilizotundikwa ukumbini. Serikali ikaipiga marufuku filamu, na ikapita karibu nusu karne kabla ya kuruhusiwa tena hadharani.

Mbuzi wa Las Hurdes

Mwaka 1932 rafiki yake mmoja, Ramón Acín, mwalimu na mchongaji wa mji wa Huesca, alishinda bahati nasibu. Acín alikuwa amemwahidi Buñuel kwamba akishinda atamlipia filamu, na ahadi ni deni. Kwa pesa hizo walikwenda Las Hurdes, nchi ya milima na umaskini wa kutisha, wakatengeneza Tierra sin pan, yaani Nchi Isiyo na Mkate, iliyokamilika mwaka 1933. Serikali ya Jamhuri ikaipiga marufuku, eti inaaibisha taifa.

Sasa sikilizeni jambo. Katika filamu hiyo, ambayo inadai kueleza mambo kama yalivyo, tunaambiwa kwamba huko mbuzi huliwa tu akiteleza na kuanguka kutoka kwenye magenge. Mara tunamwona mbuzi akianguka. Lakini ukikaza macho utaona moshi wa bastola ukitokea pembeni mwa picha. Mbuzi hakuteleza ng'o. Alipigwa risasi na watengenezaji wenyewe. Umaskini wa Las Hurdes ulikuwa wa kweli, watoto wagonjwa walikuwa wa kweli, ila mbuzi alikuwa hila. Wapo wanaomlaumu Buñuel hadi leo, na hawakosei. Wengine husema aliuacha ule moshi makusudi ili tujifunze kutoiamini kamera. Kila mtu na ahukumu mwenyewe, lakini asihukumu kabla ya kutazama mara mbili.

Acín hakuishi kuiona filamu ikisifiwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Uhispania mwaka 1936, wafuasi wa Jenerali Franco walimpiga risasi, na siku chache baadaye wakamuua mkewe pia. Mwezi huo huo wa Agosti waliuawa watu wengi, na mmoja wao alikuwa Lorca, yule mshairi. Figa moja limevunjika.

Uhamishoni

Buñuel aliitumikia Jamhuri katika ubalozi wake mjini Paris. Mwaka 1938 alitumwa Marekani, na mwaka uliofuata Jamhuri ikashindwa. Akabaki kama samaki aliyetupwa pwani: hana nchi, hana kazi, ana mke na mtoto. Alimwandikia Dalí akimwomba mkopo. Dalí, ambaye sasa alikuwa tajiri, alimnyima.

Alipata kazi katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, New York. Lakini mwaka 1942 Dalí alitoa kitabu cha maisha yake, na humo akamtaja rafiki yake wa zamani kwa namna iliyomtia mashakani kuhusu dini na siasa. Siku zile jambo hilo halikuwa dogo. Minong'ono ikazagaa, na mwaka 1943 Buñuel akalazimika kujiuzulu. Figa la pili nalo likaondoka jikoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 1946 alifika Mexico, na mwaka 1949 akawa raia wa nchi hiyo. Wengi wetu Mexico tunaijua kwa tamthilia za mapenzi ambazo runinga zetu zimekuwa zikionyesha tangu miaka ya 1990: wapenzi wanalia, mwovu anadanganya, mwisho harusi. Buñuel naye alilazimika kutengeneza filamu za kuchekesha na kuliza ili watoto wale. Lakini mwaka 1950 alitoa Los olvidados, yaani Waliosahauliwa, kuhusu watoto wa mitaa ya mabanda ya jiji la Mexico. Hakuwapamba. Wamo watoto wanaoiba, wanaomcheka kipofu, wanaouana. Wananchi walighadhabika, na filamu ikaondolewa kwenye sinema baada ya siku chache tu. Mwaka 1951 ikampatia tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la Cannes, Ufaransa, na waliomtukana wakaanza kumshangilia. Mwaka 2003 shirika la UNESCO liliiingiza filamu hiyo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Waliosahauliwa sasa hawawezi kusahauliwa.

Shela ya marehemu

Miaka ikapita. Franco alitaka dunia ione kuwa Uhispania imestaarabika, na mwaka 1960 Buñuel akaruhusiwa kurudi kwao baada ya miaka 24. Wenzake wa uhamishoni walimwita msaliti. Yeye akanyamaza, akatengeneza Viridiana.

Viridiana ni msichana anayekaribia kuweka nadhiri za utawa. Anamtembelea Don Jaime, mzee aliyemwoa shangazi yake. Mke huyo alikufa usiku ule ule wa harusi, na mzee ameyatunza mavazi yake ya harusi sandukuni miaka nenda miaka rudi. Anapomtazama Viridiana anaona sura ya marehemu. Anamsihi avae shela ile, jioni moja tu, amfurahishe. Msichana anakubali kwa huruma. Ndipo mzee anapomwekea dawa ya usingizi katika kinywaji. Anamlaza kitandani, kisha dhamiri inamsuta, anamwacha. Asubuhi anamwambia uongo kwamba amekwisha kumharibia usichana, hivyo hawezi tena kurudi utawani. Anapoona chuki machoni pake anageuka na kukiri kuwa amedanganya. Lakini maneno yakishatoka hayarudi. Viridiana hajui tena lipi ni kweli. Mzee anajinyonga kwa kamba ya kuruka ya mtoto mdogo wa mtumishi.

Ukiitazama vizuri hadithi hii utaona kwamba Don Jaime hakumpenda Viridiana hata siku moja. Alipenda kumbukumbu yake mwenyewe, akatafuta mtu wa kuivisha. Alijidanganya kwanza, ndipo akamdanganya msichana. Hapo, nionavyo mimi, ndipo ulipo moyo wa kazi zote za Buñuel.

Wakaguzi wa serikali waliusoma mchezo wakaukataa mwisho wake, ambamo Viridiana anabisha hodi usiku kwenye chumba cha binamu yake, anaingia, mlango unafungwa. Buñuel akasema hewala. Akabadilisha: Viridiana anaingia, anamkuta binamu yuko pamoja na mtumishi wa kike, na wote watatu wanaketi kucheza karata. Wakaguzi wakaridhika! Hawakugundua kwamba mwisho huo mpya ulikuwa na utata kuliko ule wa kwanza. Mjanja kapata mjanja mwenziwe.

Mwaka 1961 Viridiana ilitwaa, pamoja na filamu nyingine moja, tuzo kuu ya Cannes. Mkuu wa idara ya filamu ya Uhispania alipanda jukwaani kwa furaha akaipokea. Mara gazeti la Vatikani likailaani kuwa ni matusi kwa dini, hasa picha ya ombaomba walevi walioketi mezani kama kwenye Karamu ya Mwisho. Kulikuwa na moto! Mkuu yule alifukuzwa kazi, filamu ikapigwa marufuku Uhispania, na ikaokoka kwa sababu nakala nyingine zilikuwa nje ya nchi. Wahispania hawakuiona kwao hadi mwaka 1977, Franco akiwa amekwisha kufa.

Simu isiyopigwa

Mwaka 1970 alirudi Toledo, mji wa ujana wake, akatengeneza Tristana kutokana na riwaya ya Benito Pérez Galdós. Tristana ni yatima aliyeachwa chini ya ulezi wa Don Lope, mzee mwenye maneno matamu kuhusu uhuru na heshima. Mlezi anamgeuza kuwa hawara wake. Baadaye msichana anatoroka na mchoraji kijana, anaugua, anarudishwa, anakatwa mguu. Hapa wenye kukumbuka watakumbuka yule kijana wa Calanda. Ila safari hii muujiza haukuja. Mwishowe Tristana anaolewa na mzee, lakini moyo wake umekuwa jiwe. Usiku mmoja wa theluji Don Lope anashikwa na ugonjwa, anaomba aitiwe daktari. Tristana anakwenda kwenye simu, anazungumza kwa sauti ili mgonjwa asikie. Hakuna aliyempigia. Kisha anafungua dirisha, baridi iingie.

Na hapo picha za filamu zinaanza kurudi kinyumenyume, moja baada ya nyingine, kama kumbukumbu za mtu anayejiuliza ni wapi njia ilipopotea, mpaka tunamwona tena yule msichana wa mwanzo. Mzee alimfundisha kudanganya, naye akahitimu.

Filamu yake ya mwisho, Cet obscur objet du désir, ilitoka mwaka 1977. Tajiri mmoja wa makamo, Mathieu, anawasimulia abiria wenzake ndani ya gari-moshi, toka Seville hadi Paris, jinsi alivyoteswa na msichana aitwaye Conchita. Mwigizaji wa kwanza aliyeajiriwa hakuendelea na kazi, na Buñuel akaja na wazo la ajabu: Conchita aigizwe na wanawake wawili, Carole Bouquet na Ángela Molina. Mmoja anaingia mlangoni, mwenzake anatokea upande wa pili. Mathieu hatambui kamwe. Lo! Wapo hata watazamaji waliotoka ukumbini bila kutambua. Ndivyo alivyo mtu anayependa picha iliyomo kichwani mwake. Umbadilishie mtu mzima mbele ya macho yake, haoni.

Ya nyumbani

Hadi hapa mtasema Buñuel alikuwa na hekima ya ajabu katika mambo ya mapenzi. Subirini.

Alipokuwa kijana Paris alikutana na Jeanne Rucar, msichana wa Kifaransa aliyekuwa mwanamichezo hodari wa sarakasi za viungo na mpenzi wa piano. Uchumba wao ulichukua miaka mingi, wakaoana mwaka 1934, wakajaliwa wavulana wawili, wakaishi pamoja hadi kifo kilipowatenganisha. Mwaka 1990 Jeanne, mjane na mzee, alitoa kitabu chake mwenyewe. Kichwa chake kinasema yote: kumbukumbu za mwanamke asiye na piano.

Katika kitabu hicho alieleza kwamba mumewe alikuwa na wivu wa kupindukia. Alimkataza michezo kwa sababu mavazi yake hayakuwa ya heshima. Na piano? Siku moja rafiki alitamani kuichukua, akaahidi kutoa chupa za shampeni. Buñuel akakubali. Mwenye piano hakuulizwa. Jeanne hakuandika kwa chuki. Alimpenda bwana yule na alisema hivyo. Lakini tukisoma tunabaki tumeduwaa. Mtu aliyetengeneza mwaka 1953 filamu nzima, Él, kuhusu mume anayepatwa na wazimu kwa wivu, na aliyewafichua akina Don Jaime na Don Lope mbele ya ulimwengu, nyumbani kwake alikuwa na kidogo cha Don Lope. Nyani haoni kundule.

Je, hilo linazifanya filamu zake kuwa za uongo? Sidhani. Huenda aliwajua wazee wale vizuri kwa sababu hakuwa mbali nao. Ila tusimtukuze kupita kiasi tukamsahau aliyenyamazishwa jikoni.

Kumbukumbu inayodanganya

Buñuel alipenda utani hadi mwisho. Filamu yake Le charme discret de la bourgeoisie, ya mwaka 1972, iliposhindania tuzo ya Oscar, aliwaambia waandishi wa habari wa Mexico kwamba ataishinda bila shaka, kwa kuwa amekwisha kulipa dola 25,000 alizoombwa. Habari zikaenea, Hollywood ikachachamaa, na ilibidi watu wafanye kazi ya kueleza kuwa mzee alitania. Kisha tuzo akapata kweli!

Mwaka 1982, akisaidiwa na mwandishi Jean-Claude Carrière, alitoa kitabu cha maisha yake. Humo anakiri jambo ambalo wachache wetu tungelikiri. Kwa miaka mingi alikuwa akisimulia jinsi alivyohudhuria harusi ya mwandishi Paul Nizan katika kanisa moja la Paris, na Jean-Paul Sartre akiwa msimamizi wa bwana harusi. Aliliona kanisa, aliwaona watu. Hadi siku moja uzeeni alipozinduka: Nizan alikuwa Mkomunisti asiye na dini, angefunga ndoa kanisani kwa lipi? Harusi ile haikuwako. Kumbukumbu ilikuwa imemtengenezea filamu kichwani, naye akaiamini.

Humo humo alieleza pia kwamba, pamoja na yote yaliyopita, angependa kunywa glasi ya shampeni na Dalí kabla ya kufa. Hawakuinywa. Luis Buñuel aliaga dunia katika jiji la Mexico tarehe 29 Julai 1983, akiwa na umri wa miaka 83. Jeanne alimfuata mwaka 1994. Mwaka 2000, karne moja tangu azaliwe, Calanda ilifungua kituo cha kumbukumbu yake, na kila Ijumaa Kuu saa sita za mchana ngoma bado zinalia.

Tunajifunza nini?

Wenzangu, sisi sote tunaandika au tutaandika barua za mapenzi, walimu mtuwie radhi. Mara nyingi tunayemwandikia si yule msichana au mvulana aliye hai, mwenye hasira zake na ndoto zake, bali ni sura tuliyoichora wenyewe usiku taa zikizimwa. Asipofanana nayo tunamwita mwongo. Buñuel anatuonya kwamba mwongo wa kwanza ni yule aliyechora.

Pili, ukitaka kujua kama unampenda mtu, usijiulize moyo unadunda kiasi gani. Jiulize kama ungemuuliza kwanza kabla ya kuitoa piano yake.

Kwaherini, hadi toleo lijalo, Mola akitujalia.